Nusu Saa ya Hotuba, Saa Nzima ya Maswali

Mwaka 1963 wavulana wa Shule ya Sekondari ya Magamba, kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Lushoto, walikuwa na pilikapilika zao nje ya ratiba: kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayapeleka kwenye friji. Nafasi zilikuwa chache na wenye kuzitaka walikuwa wengi, hivyo aliyezubaa alikosa. Siku moja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa bado anachemsha maziwa yake alipomwona mwenzake anakimbilia friji na kumimina ya kwake kwenye trei bila hata kuyachemsha. Mpemba akaona kwamba akisubiri yapoe atakosa trei ya mwisho. Akasema liwalo na liwe, akayaweka yakiwa ya moto, ingawa alijua anaweza kuiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu wote wawili walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini imekuwa hivyo. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akalipokea jibu, kama mwanafunzi yeyote wa zama zile angelipokea. Lakini likizo ilipofika alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo akamweleza kwamba yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto kwa makusudi, maana huganda upesi. Muuza aiskrimu wa Tanga alikuwa anajua, kwa mkono wake, jambo ambalo darasani liliitwa uongo.

Alipofaulu kidato cha nne alikwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Mada ya kwanza ya fizikia ilikuwa joto. Walipofika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea kusoma jedwali la logi, kosa likaitwa hisabati ya Mpemba, na darasa zima likaidaka kauli hiyo. Kijana hakukata tamaa. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akachukua bika mbili ndogo, moja akaitia maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziingiza kwenye friji ya maabara. Baada ya saa moja maji hayakuwa yameganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye bika iliyoanza na maji ya moto.

Ndipo akaja mgeni. Dakta Denis Osborne, Mwingereza aliyefundisha fizikia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, alialikwa na mkuu wa shule kuzungumza na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Alizungumza kwa nusu saa. Maswali yakachukua saa nzima. Wanafunzi walitaka kujua namna ya kuingia chuo kikuu, wakauliza habari za mitaala, za dini na sayansi, za mambo ya silabasi yaliyowatatiza. Kisha mmoja akasimama na kuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi joto 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka pamoja kwenye friji, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza. Kwa nini?

Wenzake wakaangua kicheko.

Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba moyoni aliona kijana amekosea. Hakusema hivyo. Alimuuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, naye akathibitisha. Mgeni akakiri mbele ya shule nzima kwamba hajui jibu, kwamba habari hiyo inapingana na fizikia anayoifahamu, lakini huenda kuna jambo ambalo hajalizingatia, na akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Kesho yake wanafunzi walimshutumu Mpemba kwamba ameiaibisha shule kwa kumuuliza mgeni swali lisilojibika.

Ahadi ilitimizwa. Huko Dar es Salaam Osborne alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza kweli, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Walirudia, na matokeo yakabaki yaleyale. Osborne akalichunguza jambo kwa utaratibu: bika za Pyrex za sentimita za ujazo 100, kila moja na maji 70, zikiwa juu ya kipande cha povu la plastiki ili zisipoteze joto kwa chini. Walipofunika maji kwa utando wa mafuta kuganda kulichelewa sana, dalili kwamba joto lilikuwa likitokea zaidi juu ya uso wa maji. Mwaka 1969 makala yao ilichapishwa katika jarida la kufundishia fizikia nchini Uingereza, majina mawili yakiwa sambamba: E. B. Mpemba, ambaye wakati huo alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka karibu na Moshi, na D. G. Osborne. Tangu hapo jambo lile linaitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya kijana mdadisi, na sifa hiyo ni haki yake. Mhadhara huu unakitazama kwa upande mwingine: upande wa mgeni, muda aliopewa, na namna alivyougawa. Nusu saa kwa hotuba, saa nzima kwa wanafunzi. Kama Osborne angezungumza saa moja na dakika ishirini, akabakiza dakika kumi za maswali kama ilivyo desturi, wangesimama watatu wa mstari wa mbele, wale ambao Kiingereza chao hakina wasiwasi, na mkutano ungefungwa kwa makofi. Swali lililotoka Magamba lingebaki Magamba. Hotuba yenyewe ya siku ile, juu ya fizikia na maendeleo ya taifa, leo hakuna anayeitaja. Kilichobaki ni swali.

Milima ya Usambara, ilipo Magamba, haina uhaba wa wageni wa namna ya Osborne. Ni moja ya sehemu za Afrika Mashariki zilizochunguzwa mapema na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka kwao ua dogo la zambarau la misitu ya huku. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa bustani za Herrenhausen kule Hannover, akalipa jina la kisayansi kwa heshima ya familia ya mtawala huyo, na likaenea kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua Amani, Usambara Mashariki, kituo kikubwa cha utafiti wa mimea na kilimo chenye bustani ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia. Waingereza walikirithi, na baada ya kazi za kilimo kuhamishiwa Muguga nchini Kenya, Amani ikawa kituo cha utafiti wa malaria, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Lushoto kuna kituo cha utafiti wa misitu. Mazumbai kuna msitu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu 1987 mtafiti Mmarekani William Newmark na wasaidizi wake wa hapa wamekuwa wakiwanasa ndege, kuwavisha pete na kuwaachia, ili kujua wanaendeleaje katika vipande vya misitu vilivyozungukwa na mashamba.

Baadhi ya tafiti hizi zimegusa maisha ya watu moja kwa moja. Kuanzia 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wilaya ya Lushoto ilirudiwa na tauni mara kwa mara. Watu zaidi ya 7,000 waliugua na mamia walipoteza maisha. Profesa Bukheti Kilonzo na wenzake wa Sokoine, baadaye wakishirikiana na vyuo vikuu vya Ubelgiji, walifuatilia panya na viroboto nyumba kwa nyumba na shamba kwa shamba. Walitazama hata mahali ambapo mahindi huhifadhiwa, kwa kuwa dari iliyojaa mahindi huwaleta panya juu ya vichwa vya waliolala. Timu nyingine ilipima mbu wa malaria kuanzia tambarare za mita 300 hivi hadi vijiji vya mita 1,700, ikakuta maambukizi yanapungua zaidi ya mara elfu moja kadiri mtu anavyopanda. Mtoto wa Mlalo au Bumbuli ambaye bibi yake humwonya asilale bondeni Mombo bila chandarua anaishi ndani ya matokeo hayo.

Kwa hiyo wageni wapo, na wengi wao ni watu wema. Wengi hutamani kutoa kitu kwa wenyeji waliowapokea, na kitu kilicho karibu zaidi ni kuzungumza na wanafunzi. Mkuu wa shule hukubali kwa furaha. Kidato cha tatu na cha nne hukusanywa bwaloni, projekta hufungwa umeme ukiwepo, mgeni hutambulishwa, naye huanza kwa salamu mbili tatu za Kiswahili zinazoshangiliwa sana. Kisha huingia kwenye Kiingereza na hatoki tena. Huonyesha picha nzuri za kinyonga, za mbu chini ya darubini, za ramani zenye rangi. Mwishoni huuliza kama wameelewa, na bwalo zima huitikia kwamba wameelewa. Huuliza kama kuna swali. Kimya. Mwalimu huwahimiza, na mmoja, mara nyingi kiranja, huuliza mgeni alikosoma na namna ya kupata ufadhili.

Kimya hicho husomwa vibaya. Mgeni huondoka akidhani wanafunzi wa huku ni waoga au hawapendi sayansi. Walimu hudhani hawakujiandaa. Wanaokaa na vijana hawa wakitoka bwaloni husikia jambo tofauti kabisa: wanabishana. Kwa Kiswahili, na kwa Kisambaa pale wanapokuwa wenyewe kwa wenyewe, wanabishana kama kweli mbu hawezi kupanda hadi Magamba, na kama hawezi, basi yule mtoto wa fulani aliugulia wapi. Maswali yapo tele. Yamekosa tu mlango wa kutokea katika dakika zile kumi.

Mwanafunzi wa Usambara anapoombwa kuuliza kwa Kiingereza anaombwa kufanya kazi tatu kwa pamoja. Nyumbani huzungumza Kisambaa, au Kipare, au lugha ya Wambugu ambayo imewavuta wanaisimu kutoka mbali. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Kiingereza ni lugha ya tatu, ambayo kwa wengi iliishia kwenye daftari la somo la Kiingereza mpaka siku walipoingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kimegeuka. Sasa, mbele ya mgeni na wenzake mia tatu, inabidi afikiri jambo jipya la sayansi, alitafutie maneno, na ajihadhari asichekwe kwa kosa la sarufi. Mpemba alichekwa kwa sababu ya wazo lake. Wengi wa leo huogopa kuchekwa kabla wazo halijafika mdomoni.

Hapa haki itendeke kwa historia, kwa sababu wengine husema: mbona Mpemba aliweza? Mpemba alisoma katika utaratibu wa zamani, ambapo Kiingereza kilianza kutumika kufundishia tangu madarasa ya kati, na wanafunzi waliofika sekondari walikuwa wachache waliochujwa vikali. Mwaka 1967, pamoja na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, uamuzi uliofungua elimu kwa mamilioni. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nayo ianze kutumia Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikulitekeleza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali na kukuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakiwatoshi kujifunzia masomo yao. Hata hivyo kilichofuata ni mradi wa kukiimarisha Kiingereza hichohicho, kwa fedha za Uingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, limeiacha sekondari kwenye Kiingereza. Katikati ya tamko na tamko, shule za kata zimejengwa kila mahali, nao vijana wanaoingia kidato cha kwanza si tena wachache waliochujwa. Ni watoto wa wakulima wa kabeji na viazi wa kila kijiji, na hilo ni jambo la kujivunia.

Ushahidi kuhusu lugha ya sayansi darasani umekuwepo muda mrefu. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika juu yake kwa miaka mingi. Halima Mwinsheikhe, aliyekuwa mwalimu wa biolojia, aliuchunguza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Oslo mwanzoni mwa miaka ya 2000: wanafunzi waliofundishwa sayansi kwa Kiswahili walifanya vizuri zaidi na walishiriki kwa uchangamfu zaidi. Mradi mkubwa ulioanza 2002, ukiwaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulielekea upande huohuo. Wala si kwamba Kiswahili hakina msamiati. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Mtoto wa darasa la saba kule Soni anaweza kueleza usanisinuru wa majani, mmeng'enyo wa chakula na uvukizaji wa maji. Anapofika kidato cha kwanza mali yote hiyo huwekwa kando kana kwamba haikuwahi kuwepo. Na milima hii ilikwisha kupata elimu yake kwenye karatasi kwa Kiswahili zaidi ya karne moja iliyopita, pale Abdallah bin Hemedi alipoiandika historia ya watawala wake, Habari za Wakilindi, ikachapwa na wamisionari wa Magila.

Upo upande wa pili, nao una hoja nzito. Wazazi wengi wanataka Kiingereza, na hawakosei: mtihani wa taifa wa kidato cha nne huulizwa kwa Kiingereza, vitabu vya chuo kikuu ni vya Kiingereza, na makala ya Mpemba isingejulikana duniani kama ingechapishwa Tanga. Mkuu wa shule anayemwalika mgeni huona hiyo ni nafasi adimu kwa vijana kusikia Kiingereza cha mtu anayekizungumza kila siku. Wanafunzi wenyewe hupenda hivyo. Mwalimu mmoja mwenye vipindi vingi kupita kiasi hawezi kuwapa mazoezi hayo peke yake.

Hoja hiyo ingesimama kama saa ile moja ingekuwa ya kujifunza Kiingereza. Lakini mgeni ameletwa kwa ajili ya sayansi. Kama lengo ni Kiingereza, na liwe hivyo waziwazi, mgeni asome nao habari fupi, wazungumze, wasahihishane. Kama lengo ni sayansi, basi kipimo cha saa ile ni kama mwanafunzi ameweza kuliweka mbele ya mtafiti jambo aliloliona yeye mwenyewe, shambani, jikoni au porini. Kuyachanganya malengo hayo mawili huyaua yote mawili: Kiingereza hakifundishwi, na sayansi haisikiki.

Mwanasayansi Michael Faraday alipozungumza na watoto wa London juu ya mshumaa, katika mihadhara ya Krismasi aliyoianzisha 1825 na kuitoa mwenyewe mara 19, alizungumza nao kwa lugha waliyoamkia nayo asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba angewasaidia zaidi kwa Kilatini. Wakati ule Kilatini kilikuwa bado kina heshima yake vyuoni.

Kuna jambo moja linaloyarahisisha haya yote. Mazungumzo ya mgeni hayamo kwenye silabasi. Hayatahiniwi. Sera ya lugha ya kufundishia inahusu vipindi vya darasani. Haimkatazi mkuu wa shule kuamua kwamba Ijumaa alasiri, bwaloni, mtafiti atazungumza kwa lugha yoyote inayofika. Walimu ambao kila siku huibia dakika chache za Kiswahili ili somo lieleweke, huku ukutani kuna kibao kinachoagiza Kiingereza muda wote, hapa hawana cha kuficha. Hakuna ruhusa ya kusubiri kutoka Dodoma. Kazi inayohitajika ni ya maandalizi tu, na ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Watafiti wageni katika Usambara karibu kamwe hawafanyi kazi peke yao. Wana wenzao Watanzania: wanafunzi wa shahada za juu kutoka Sokoine na Dar es Salaam, maafisa misitu, wasaidizi wa vijijini wanaomjua kila ndege kwa sauti yake na ambao baadhi yao majina yao yamo kwenye makala za kisayansi. Hao ndio wanaopaswa kusimama mbele, na mgeni akae pembeni tayari kujibu. Msaidizi aliyekulia Amani, anapoeleza kwa Kiswahili jinsi anavyomtoa ndege mdogo kwenye wavu bila kumvunja bawa, huwaonyesha wanafunzi jambo ambalo profesa wa ng'ambo hawezi kuwaonyesha: kwamba sayansi hii inafanywa na watu wa kwao. Mgeni akizungumza Kiingereza, atafsiriwe fungu kwa fungu na mtu aliyeiona hotuba siku moja kabla. Kuangalia maneno ya kitaalamu kwenye kamusi ile ya 1990 na kuyaandika ubaoni asubuhi ni kazi ya nusu saa.

Halafu vitu vya kushika. Slaidi hupendeza na kupita. Kiroboto ndani ya kichupa, mabuu ya mbu kwenye bakuli, pete ya ndege ya alumini, kipande cha mti kilichokatwa kikaonyesha miaka yake: hivi huzungushwa mkono kwa mkono na kila mkono hurudi na swali. Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, kuna shule ya watoto wasioona. Mgeni aliyejiandaa kwa picha peke yake hana cha kuwapa watoto wale. Aliyebeba sampuli anacho.

Maswali nayo yana ufundi wake. Wanafunzi wakipewa vipande vya karatasi na dakika kumi za kujadiliana wawili wawili kabla ya kuuliza, wakaruhusiwa kuandika kwa Kiswahili, Kisambaa au Kiingereza bila kuweka jina, yule wa safu ya nyuma ana nafasi sawa na kiranja. Karatasi zinasomwa kwa sauti, na mgawanyo wa muda unakuwa ule wa Osborne: theluthi moja ya mgeni, theluthi mbili za wenyeji. Mgeni akikutana na swali asilolijua aseme wazi kwamba halijui. Kwa mwanafunzi aliyezoea kwamba mwalimu ana jibu la kila kitu, kumsikia mtu mwenye udaktari wa falsafa akisema hajui, na kwamba atakwenda kujaribu, ni somo la namna sayansi inavyofanya kazi.

Kwa mada ya kuanzia hakuna haja ya kwenda mbali. Swali la Mpemba lenyewe bado halijafungwa. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora zaidi, yakaletwa zaidi ya 22,000 kutoka pembe zote za dunia. Nikola Bregović wa Zagreb akatangazwa mshindi mwanzoni mwa 2013, na Mpemba na Osborne, wote wawili wakiwa wamezeeka, walialikwa London. Wapo wanaosema chanzo ni mvuke unaopunguza ujazo wa maji ya moto. Wengine wanataja gesi zinazotoka maji yakichemka, mikondo ndani ya chombo, au ile theluji nyembamba iliyo chini ya trei, ambayo chombo cha moto huiyeyusha na hivyo kugusana vyema zaidi na ubaridi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia majaribio kwa uangalifu mkubwa na kusema hawaoni jambo hilo kabisa, wakaonyesha kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita moja tu ndani ya chombo kinaweza kumdanganya mtu. Miaka minne baadaye, John Bechhoefer na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walilionyesha wazi kwa chembe ndogo mno ndani ya maji, kitu kilichoanza na joto zaidi kikipoa upesi zaidi, na siku hizi wanafizikia wanalitafuta jambo hilohilo hata kwenye mifumo ya kwanta. Mwanafunzi wa Lushoto mwenye friji ya duka la jirani, vikombe viwili na kipimajoto anaweza kuingia kwenye ubishi huo akiwa amesimama palepale ulipoanzia, na kulieleza jaribio lake, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili ambacho muuza aiskrimu wa Tanga angekielewa.

Linabaki suala la kurudi. Osborne alirudi na jibu kwa sababu alikuwa Dar es Salaam, nchi ileile. Mtafiti wa leo anaweza kuwa Antwerp au Utah kabla karatasi za maswali hazijakauka wino. Mtafiti wa kigeni haruhusiwi kufanya utafiti Tanzania bila kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kibali huja na wajibu wa kutoa taarifa. Tume ingeweza kuongeza sharti moja jepesi kwa wale wanaotembelea shule: ukurasa mmoja au kurasa mbili kwa Kiswahili, zinazosema nini kilichunguzwa, nini kilipatikana na nini hakijajulikana, ziachwe kwa mkuu wa shule na nakala kwa ofisi ya elimu ya wilaya, pamoja nazo orodha ya maswali ya wanafunzi ambayo hayakujibiwa siku ile, na majibu yake yaletwe, hata kwa ujumbe wa simu kwa mwalimu wa sayansi, kabla ya muhula kwisha. Mwalimu huyo atayabandika kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo, kwa lugha yoyote ambayo maswali yaliandikwa kwayo.